Jibu: Siku 3 za mwisho, Ai-Ais hadi Cape Town

Salaam mkuu. Uko Ai-Ais, kusini mwa Namibia, zimebaki siku 3, gari liingie kontena Cape Town, na hujui ugawe vipi safari.

Anza na tairi. Ukiacha changarawe na kushika lami ya B1, barabara kuu ya Namibia, rudisha upepo ulioupunguza. Tairi laini kwenye lami huchemka na kupasuka.

Noordoewer, mji wa mpakani upande wa Namibia, malizia dola za Namibia kwenye mafuta. Thamani ni sawasawa na randi, lakini ng'ambo ya mto, Vioolsdrif, upande wa Afrika Kusini, wengi hawazipokei. Mpaka uko wazi saa 24, ila vuka mchana. Lala Springbok, kama kilomita 120 mbele. Kesho yake una takriban kilomita 560 za barabara kuu ya N7 hadi Cape Town, hakuna haja ya kukimbizana.

Siku ya tatu ni ya makaratasi, Table Mountain isubiri. Osha matope hadi chini ya gari, toa mtungi wa gesi, tangi libaki na mafuta kidogo tu. Kama gari linatembea kwa kaneti (hati ya forodha ya kuingiza gari nchini kwa muda bila kulipa ushuru, unayoiwekea dhamana), forodha wagonge muhuri wa kutoka kabla kontena halijafungwa. Huo ukikosekana, kuipata dhamana yako itakuwa kazi kwelikweli.