Muulize Bibi: Nawezaje kuwa mwenyeji kwenye meza ya poka?

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mnunuzi wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma, umri wangu miaka 34. Mwezi ukiwa mpevu vipe, yale maboti ya kuvulia dagaa, havitoki na sisi tunakaa bure. Katika kukaa huko rafiki yangu akanipeleka kwenye klabu ya karata pale Mwanga, chumba cha juu ya duka, kila Alhamisi jioni. Wanacheza poka, ile ya karata mbili mkononi na tano mezani. Wapo kama tisa hivi: walimu, fundi simu, mama mmoja wa duka la dawa. Kwa karata za wahedi wa sitini hapa mwaloni hakuna anayenibabaisha, lakini pale sarafu zangu za plastiki huisha kabla kahawa haijapoa. Tena naona hawajanizoea. Wakipanga kukutana siku nyingine hawanipigii, nasikia tu kwamba walicheza. Sasa wanasema kuanzia mwezi ujao kila mtu aweke 5,000 taslimu ili mchezo uwe na ladha. Nataka kuwa mwenyeji pale. Nifanyeje, na hiyo 5,000 niitoe?*
Mchuuzi, Kibirizi

Marahaba, mwanangu. Sijakuona ukicheza, lakini najua unavyocheza: kila ukigawiwa, unaingia. Wachezaji wazuri wa wahedi wa sitini wote wanafika kwenye poka na ugonjwa huo, na kadiri mtu alivyo bingwa kijiweni ndivyo unavyomkaa.

Angalia mchezo uliotoka nao. Ree, ile karata ya A, 11, saba 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2. Kila ua, yaani aina kama kopa au shupaza, lina 30, maua manne 120, mwenye 61 amekula. Ukigawiwa magarasa matupu huna pa kukimbilia, utayatoa moja moja mpaka yaishe na mwenzio atakubeba. Mwisho wa mkono karata zote zimeonekana, kwa hiyo anayekumbuka turufu (karata za ua linalokula mengine) ngapi zimepita na ree ya kopa ililiwa na nani, huyo ndiye fundi. Sisi tuliokaa dirishani kukata tiketi stesheni ya Kigoma tulikuwa na kumbukumbu ya namna hiyo, maana treni ikichelewa karata zinatoka, na treni ilikuwa ikichelewa.

Poka haikulazimishi kucheza. Watu tisa wakigawiwa mbili mbili ni karata 18. Ongeza tano za katikati, zinakuwa 23. Hata kama wote watafunua, karata 29 zimebaki kwenye fungu na hakuna atakayeziona usiku huo. Kumbukumbu yako ya mwaloni haina pa kushika. Kinachokula pale ni kutupa karata mapema, na kutupa ndiko usikojua kwa sababu maisha yako yote ulikatazwa. Jozi ya ree utaipata mara moja katika mikono 221. Jozi yoyote ile, hata ya mbili, mara moja katika mikono 17. Ukishika karata mbili zisizolingana, zile tatu za kwanza zikifunuliwa mezani zitakupa jozi kama mara moja tu katika tatu. Sasa hesabu mwenyewe: mikono mingi utakayogawiwa Alhamisi nzima ni ya kurudisha, ukanywa kahawa, ukatazama wenzako.

Kutazama nako ni kazi. Nani hupandisha dau akiwa nazo kweli, nani hupandisha kwa kutisha tu, nani hushika kikombe akishtuka.

Hesabu yenyewe ipo, ila ni nyingine. Tuseme una kopa mbili, mezani zimetoka kopa mbili na shupaza moja. Unahitaji kopa moja zaidi ukamilishe tano za ua moja. Kopa zimebaki 9, karata usizoziona ni 47. Zikiwa bado mbili za kufunuliwa utaipata kama mara moja katika tatu. Ikifunuliwa ya nne na si kopa, ikabaki moja tu, sasa ni mara moja katika tano. Hapo fundi simu anasukuma sarafu 100, katikati zimekuwa 300 pamoja na hizo zake, na wewe unatakiwa uweke 100 ufuate. Mara tano za namna hiyo, moja utachukua 300, nne utapoteza 100 kila mara. Umeingiza 300, umetoa 400. Tupa. Angekuwa amesukuma 100 wakati katikati zimejaa 600, fuata bila kuhema. Ukiweza kufanya hesabu hiyo kichwani kama unavyokadiria uzito wa dagaa kwa kuangalia ndoo, utadumu mezani mpaka watu wanafunga mlango.

Jambo jingine la kucheza, kwa kifupi: angalia umekaa wapi kutoka kwa mgawaji. Anayesema wa mwisho amekwishasikia wenzake wote, kwa hiyo akiwa na karata za wastani anaweza kuingia. Anayesema wa kwanza anasema gizani. Karata ile ile ambayo unaitupa ukiwa wa kwanza, unaweza kuicheza ukiwa wa mwisho. Kama hilo halikuingii, soma aya hii tena baada ya Alhamisi mbili.

Nije kwenye hili la kutozoewa, ambalo naona ndilo linalokuuma.

Kijiweni tunacheza wawili kwa wawili. Unamkonyeza mwenzio, unagusa sikio, unakohoa, na wapinzani wanajua unakonyeza na wao wanakonyeza. Ndiyo raha yenyewe. Kwenye poka kila mtu yuko peke yake, na wawili wakipeana ishara huo ni wizi. Kama ulikaa karibu na rafiki yako aliyekuleta, mkawa mnaangaliana kwa mazoea tu bila ubaya, wenzenu wameona. Kaa mbali naye.

Halafu ule mkono wetu wa kupiga. Ree ya turufu huwekwa kwa kishindo, meza iruke, na neno la kumkera mwenzio juu yake. Ukitupa karata kwa kishindo kwenye poka zinafunuka, na kila mmoja anaona ulichotupa. Usitoe sauti pia ukishatupa. Umerudisha saba na tatu, mezani zikatoka saba mbili, wewe unashika kichwa, "Ala! Nilikuwa nazo!" Umewaambia walio bado mchezoni kwamba saba moja haipo tena, na mama wa duka la dawa aliyekuwa anatisha kwamba ana saba umemharibia. Yeye hatakuambia. Ataacha tu kukupigia simu.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kukaa. Sikucheki kwa kazi yako, mimi mwenyewe nimekula kwa dagaa hao. Lakini mafuta ya dagaa au ya mawese yakigusa mgongo wa karata yanaacha alama, na karata yenye alama huleta ugomvi hata kati ya ndugu.

Jifunze kugawa: kuchanga vizuri, kumpa jirani akate, kuweka moja pembeni ikiwa imefunikwa kabla ya kufunua za mezani. Mtu anayejua kugawa bila kukosea hupendwa haraka kuliko anayeshinda. Toa mchango wa kahawa na kashata kabla hujaombwa. Usiondoke umeshinda saa mbili kwa kusema una safari.

Na kuna jambo ambalo nadhani hata wewe hujalifikiria. Unakwenda mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu dagaa hawafuati taa kukiwa na mwanga, vipe vimelala, una nafasi. Giza likirudi uko mwaloni usiku kucha na asubuhi unaanika. Walimu wale hawafuati mwezi, wanafuata kalenda. Wanachokiona ni mtu anayekuja Alhamisi moja au mbili, anapotea, anaibuka tena. Nani atampigia mtu wa hivyo? Waambie wazi: mimi ni mtu wa mbalamwezi, tarehe zangu ni hizi, nihesabuni siku hizo. Wape na za miezi mitatu ijayo. Na siku usiyoweza kufika uliyoahidi, tuma ujumbe mchana, usisubiri saa ya kuanza.

Sasa 5,000. Mimi singetoa. Tanzania Bara tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na ipo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayotoa leseni. Chumba cha juu ya duka kisicho na leseni, watu wakiweka fedha na mmoja akazoa, hilo linaweza kuwa kosa, hata mkiwa walimu na mkinywa kahawa. Wengi wetu hapa mjini na Ujiji tuna dini zetu pia, na sina haja ya kukueleza kamari imesemwaje. Lakini hata ukiviweka vyote hivyo kando, tazama mtaji wako. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, niliona wanunuzi wenzako wakila mtaji mpaka ndoo zikauzwa. 5,000 ya Alhamisi ya kwanza itakuwa 10,000 ya tatu, maana aliyepoteza hutaka kurudisha, na wewe ndiye sarafu zako huisha kwanza.

Vijana hunitajia Chris Moneymaker, yule mhasibu wa Marekani aliyeingia kwa njia ya mashindano madogo ya intaneti na mwaka 2003 akashinda mashindano makubwa ya Las Vegas, dola milioni 2.5. Ni kweli. Walioingia mwaka ule walikuwa 839. Wa pili ukimuuliza kijana jina lake, hajui.

Pendekeza pointi. Andikeni kwenye daftari nani kamaliza na sarafu ngapi za plastiki, mwisho wa mwezi aliyeshika mkia anapika chai au anafagia chumba. Wakikataa, wakasema lazima fedha, waage kwa heshima uwaachie Alhamisi yao. Wanaopenda mchezo kuliko fedha wapo pale pale, na wawili watatu watakufuata. Anzeni Kibirizi, wakati wa mbalamwezi.

*Bibi, mume wangu huenda klabu ya karata kila wiki na anarudi saa tano usiku. Anasema hawachezi kwa fedha. Nimwamini?*
Mama wa watoto watatu, Gungu

Mwambie unataka kwenda naye wiki ijayo uone mchezo. Klabu isiyo na fedha mezani haina sababu ya kukataa mgeni, na pengine utapewa kiti. Akikataa mara moja, ana aibu. Akikataa kila mara na kila mara kwa sababu mpya, hapo kuna kitu. Angalia pia ada za shule zinalipwa kwa wakati kama zamani, na kama ameanza kukopa kwa watu msiowajua. Kupekua simu yake sikushauri, utakuta mengine ambayo hukuyatafuta.

*Tumebishana bwenini: kwenye poka, karata tano za ua moja na karata tano za mfululizo, ipi kubwa? Na mwenzetu mmoja anasema shupaza hula kopa.*
Wanafunzi wa chuo, Tabora

Ua moja ni kubwa. Katika fungu la 52 kuna mikono 2,598,960 ya karata tano. Ya mfululizo ni 10,200, ya ua moja ni 5,108, na kilicho adimu ndicho kikubwa. Tatu za namba ile ile pamoja na jozi ni 3,744, kwa hiyo zinakula zote mbili.

Shupaza haili kopa. Poka haina turufu, maua yote ni sawa. Wawili wakiwa na mkono sawa kabisa, dau linagawanywa, na sarafu moja ikibaki isiyogawanyika anapewa aliye karibu zaidi kushoto kwa mgawaji. Huyo wa shupaza anunue kashata.