Uliza Fundi: Geji ya kompresheni ya dizeli, inasema kweli ama inakudanganya?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za dizeli, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, so nimeziweka pamoja.

Habari ya kazi fundi. Niko Nakuru, nina pikap Hilux ya injini ya 3L. Asubuhi inasumbua kuwaka na inatoa moshi mweupe, ikishapata moto inatulia. Makanika ameipima kompresheni (presha ya hewa inayofinywa ndani ya kila silinda) akapata psi 340, 335, 345 na 330, akaangalia kwa simu akasema inafaa kuwa zaidi ya 400, kwa hivyo injini imeisha nitafute pesa ya ovahoo. Ni kweli? – Mwenye pikap, Shabab

Mwenye pikap, hio pesa ya ovahoo iache kwanza mahali iko.

Injini haitengenezi hewa, inafinya tu ile imevuta, na hewa ya Nakuru ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Nyinyi mko kama mita 1,850 juu ya bahari, na huko presha ya hewa imepungua karibu asilimia 20. Sasa chukua injini nzima kabisa inayosoma 430 psi pale Mombasa, ipakie kwa lori ipande mpaka Nakuru bila mtu kuigusa na spana, itasoma karibu 345. Kisumu, ambayo iko chini kidogo, mita 1,130 hivi, ingesoma kama 375. Eldoret nayo ingeshuka chini hata ya Nakuru. Namba za kwenye simu hazijui uko wapi, na kusema kweli makanika wengi wa huku juu pia hawaulizi, wanafungua hedi tu, ile kifuniko ya juu ya injini.

Kitu cha pili, angalia venye silinda zako zinafuatana. Ya juu 345, ya chini 330, tofauti haifiki hata asilimia tano. Mimi naanza kuogopa nikiona moja imeachwa na wenzake kwa asilimia 15 ama zaidi, hapo sasa kuna valvu haikai vizuri ama ringi zimevunjika, na zikiwa mbili zilizo jirani ndizo ziko chini pamoja, gasketi ya hedi ndio ya kwanza kushukiwa. Zako zote nne zinatembea pamoja. Halafu muulize makanika kama alitoa hita plagi (zile za kupasha silinda joto kabla ya kuwaka, geji huingia kwa shimo lake) zote nne ama alitoa moja moja, na kama betri ilikuwa na chaji, juu stata ikivuta pole pole silinda zote zinasoma chini na hakuna kitu imeharibika.

Moshi mweupe asubuhi ni dizeli imeingia ikakosa joto la kuiwasha. Kwa baridi ya Nakuru ya saa kumi na moja anza na hita plagi: toa ile bati inayoziunganisha juu, chukua mita ya umeme, weka waya yake moja kichwani mwa plagi na ingine kwa bloku, nzima itasoma omu moja ama mbili kushuka chini, ile imeungua haisomi kitu. Zikiwa sawa angalia kama relei inapeleka moto, halafu hewa kwa laini ya dizeli, nozo zinazonyunyiza dizeli, na taimingi ya pampu. Hizo zote unazimaliza kabla ya kuongea mambo ya pistoni.

Mimi ni fundi kijana Bungoma, nimemaliza poli na nataka kununua geji yangu ya dizeli. Nimeona ziko za bei tofauti sana na zote zinakaa sawa kwa picha. Niangalie nini? Na ile ya petroli niliyo nayo siwezi badilisha tu mdomo? – Fundi mdogo

Ya petroli wacha kabisa. Nyingi zinaishia 300 psi, na dizeli nzima inaweza pita 400 bila kutoa jasho, utavunja geji ama hosi ikuchape usoni. Ya dizeli inafaa ifike 1,000 psi, ama 70 bar kama imeandikwa kwa bar.

Baada ya hapo watu huangalia sahani ya geji, kumbe pesa yako iko kwa ile valvu ndogo inayozuia presha isirudi, na pale imewekwa. Shika adapta, ile ya kuunganisha geji na injini, uangalie ndani ya mdomo ule unaingia kwa injini: valvu inafaa kuwa hapo hapo mwisho. Kama iko huko juu karibu na geji, hosi yote inakuwa sehemu ya silinda. Chukua hio hio 3L ya Hilux, injini ya cc 2,779 na kompresheni reshio ya 22.2 kwa 1, yaani hewa inafinywa mara 22 hivi. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki kwa kila silinda ni kama cc 33 tu, hata vijiko saba vya chai haifiki. Sasa hosi ya sentimita 40 yenye shimo la milimita 5 inaongeza karibu cc 8. Reshio inashuka kutoka 22 mpaka kama 18 na injini haijafanya kosa lolote! Kwa petroli nafasi ni kubwa hivyo huwezi jua sana, lakini kwa dizeli hizo cc chache zinamfanya mtu auze ng'ombe bure.

Kuhusu adapta, usihesabu ngapi ziko kwa boksi. Boksi inaweza kuwa na ishirini na ile ya gari za kwenu haimo. Tafuta hita plagi za zamani za magari unayoyaona kila siku, Hiace, Hilux, Isuzu, Canter, zifunge kwa kitambaa uende nazo dukani, ulinganishe meno na pia urefu, adapta ikiwa fupi haikazi pale chini inafaa kukalia, na ikiwa ndefu sana inaweza gusana na vitu huko ndani. Ingiza na mkono kwanza. Ikikataa na mkono spana haitaisaidia, na hedi ya aluminiamu ikiharibika meno hio gari imekuwa yako. Angalia pia kama valvu ndogo na o-ringi za spea zinapatikana, kama muuzaji hajui unaongea nini tafuta duka lingine.

Nilinunua geji ilikuwa inafanya kazi poa, sasa mshale unapanda na kuanguka hapo hapo, nikaweka valvu mpya kutoka kwa watu wa tairi ikaacha kuanguka lakini sasa kila gari nikipima iko chini. Niitupe? – Kondele, Kisumu

Usitupe. Umejibu swali lako mwenyewe kwa hio barua, shida ni ile valvu ya tairi.

Kwa macho zinafanana kabisa na zinaingia meno yale yale, lakini spring ya tairi ni ngumu, imetengenezwa kukaa imefunga. Ya geji ni laini, inafaa kufunguka kwa presha kidogo tu. Ukiweka ya tairi, sehemu ya presha inatumika kusukuma spring na geji inaona ile imebaki. Itoe, uagize ya geji ya kompresheni.

Ile ya kwanza kuanguka ilikuwa uchafu. Masizi ya silinda yanakaa kwa mdomo wa valvu haifungi. Ndio maana kabla ya kufunga geji unapiga stata kidogo mashimo yakiwa wazi, uchafu utoke (na usisimame mbele ya hayo mashimo). Ukitaka kujua kama geji inavuja ama ni injini, nenda kwa mwenye kompresa, tia kama 100 psi kupitia mdomo wa adapta, weka maji ya sabuni kwa kila kiungo, na uangalie mshale. Ukisimama hapo bila kutembea geji haina shida. Ukionyesha tofauti na geji ya kompresa, sasa tafuta ya tatu mlinganishe, juu hata ya mtu wa pancha inaweza kuwa imechoka. Mshale usiporudi zero ukifinya kitufe, spring ya ndani imepindika, na mara nyingi ni kwa sababu mtu alipima bila kutoa waya wa solenoidi ya pampu, ile inafungulia dizeli, dizeli ikaingia ikawaka na geji ikiwa imefungwa. Toa huo waya kila wakati.

Na ukipima, tazama ule mshale ukipanda, si mwisho tu. Ukiruka juu kwa pigo la kwanza na kuongeza kidogo kidogo, sawa. Ukianza chini na kupanda kwa ngazi, ringi. Ukianza chini na kukaa chini, valvu za injini. Ile mbinu ya kumwaga oili kwa silinda iko hata kwa dizeli lakini kijiko kimoja kidogo tu, ile nafasi ya juu nimeshasema ni ndogo, ukijaza oili haina pa kwenda na unaweza kunja konrodi, ile chuma inashika pistoni.

Nina trekta Massey Ferguson 135, Njoro. Fundi amekuja na geji lakini hakuna hita plagi za kutoa. Inapimwa wapi? – Mkulima

Kwa shimo la nozo, mzee. Hio Perkins ya silinda tatu inamwaga dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, kile kihita chake kiko kwa manifoldi, si kwa silinda. Fundi wako anahitaji adapta yenye umbo la nozo na ile klampu ya kuishikilia. Toa nozo zote tatu, na ukirudisha weka washa mpya za kopa, zile za zamani zikirudi utasikia inapiga "chi, chi" pale shingoni na utaanza kutafuta shida ambayo umeitengeneza.

Posho mill yangu ya Luanda ni ya silinda moja, ya kuzungusha na mkono. Ninunue geji? – Mama Posho

Hapana mama. Silinda ni moja, hakuna ya kulinganisha nayo. Zima dizeli, funga ile leva ya kuachilia hewa, zungusha flaiwili pole pole mpaka ikukatalie, kisha uishikilie hapo. Ikikusukuma irudi nyuma kwa nguvu iko sawa. Ikilegea mkononi, mwambie kijana aweke sikio kwa eksosi, kwa bomba la kuvuta hewa na kwa kifuniko cha oili: pale hewa inanung'unika ndipo fundi afungue.