Kuchoka kukaa ndani majira ya baridi

Pole sana ndugu yangu. Unasema ni mwezi wa pili sasa umejifungia ndani kwa baridi, kuta zinakubana na unamfokea mwenzio bila sababu.

Anza na mwanga. Vaa nguo nzito utoke asubuhi, hata mawingu yakitanda. Mwanga wa nje bado unaishinda mbali taa ya sebuleni, na ndio unaoweka usingizi sawa. Mimi husimama tu mlangoni mpaka ncha ya pua ife ganzi, na kichwa hufunguka kweli.

Ndani, sogeza kiti dirishani. Kila mmoja awe na saa yake ya kukaa peke yake, bila kununiana.

Ila ukikosa usingizi, hamu ya kula au hamu ya kuishi, muone daktari mara moja. Huzuni ya majira ya baridi inatibika, wengine kwa taa maalumu ya laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga).