Usaha ndani ya fuvu: ushauri kwa madaktari tarajali wa Dodoma

Mgonjwa mwenye homa na maumivu ya kichwa akifika wodini, mtampima malaria, na mnafanya vyema, kisha mtafikiria homa ya uti wa mgongo. Nawasihi msiishie hapo, fikirieni pia jipu la ubongo, yaani usaha uliokusanyika ndani ya fuvu. Chungulieni na masikio yake.

Ndugu hawalitaji sikio kwa sababu wamelizoea. Muulizeni aliyemleta kwa upole: "Mama, sikio lake limewahi kutoa usaha?" Atafikiri kidogo, kisha atajibu kwamba linatoa tangu utotoni na huwa wanaliziba kwa pamba. Usaha huo hula mfupa taratibu hadi ukapenya kwenye ubongo ulio juu ya sikio au ule wa kisogoni. Usaha wa sainasi, yaani matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso, huelekea mbele, ndiyo maana uvimbe laini wa paji la uso kwa kijana mwenye mafua yasiyokoma ni jambo zito. Vyanzo vingine ni meno yaliyooza, majeraha ya kichwa, na kasoro za moyo za kuzaliwa, hasa kwa watoto ambao midomo yao hugeuka rangi ya bluu.

Msingoje homa, maumivu ya kichwa na udhaifu wa upande mmoja vikutane, kwani ni wagonjwa wachache wanaokuwa navyo vyote vitatu. Wapo wanaoletwa kwa degedege pekee, au kwa tabia iliyobadilika ghafla, na nyumbani wakadhaniwa wamerukwa na akili.

Penye udhaifu wa upande mmoja, degedege jipya au fahamu iliyoshuka, msichome sindano ya uti wa mgongo kabla ya picha ya kichwa, kwa sababu shinikizo likiwa kubwa ndani ya fuvu, kutoa maji chini kunaweza kuushusha ubongo na kumuua mgonjwa. Picha ya CT yenye dawa ya kung'arisha huonyesha jipu kama pete, ingawa kifua kikuu, saratani, na kimelea cha toksoplazma kwa mwenye VVU huweza kutoa pete hiyohiyo. Kwa hiyo pimeni VVU.

Picha ikichelewa, antibiotiki zisichelewe. Chukueni damu ya kuotesha vijidudu maabara, kisha mtu mzima apewe seftriaksoni gramu 2 kila saa 12 na metronidazoli miligramu 500 kila saa 8 kwa mshipa. Chanzo kikiwa jeraha au upasuaji, ongezeni vankomaisini. Jipu linalozidi sentimita 2.5 kwa kawaida hunyonywa kupitia tundu la fuvu. Usaha uliotanda chini ya utando mgumu wa ubongo ni dharura ya upasuaji, basi mpigieni daktari bingwa usiku huohuo.

Sindano za antibiotiki huendelea wiki 6 hadi 8, na hapo ndipo wengi hutuponyoka. Mgonjwa wa Kondoa au Mpwapwa hujisikia mzima mapema, na shamba linamngoja. Kaeni na familia tangu siku ya kwanza, waonyesheni picha, waelezeni kwamba usaha bado upo hata kichwa kikiacha kuuma, na mgonjwa asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla daktari wa masikio hajapanga namna ya kulitibu sikio lenyewe.