Maumivu yamekata, jino halijapona

SWALI: Kamwene daktari. Mwanangu wa miaka saba ana magego mawili ya chini yaliyotoboka. Mwezi uliopita moja lilimliza usiku mara tatu mfululizo. Hapa stendi ya Makambako kuna kijana anauza unga mweupe, anasema ni sukari ya zailitoli kutoka Ulaya, inaua mdudu wa jino na kuziba tundu. Nilinunua, nikampaka, na siku ya nne maumivu yakakata kabisa. Sasa namwekea kijiko kwenye chai asubuhi na jioni badala ya sukari. Niendelee mpaka lini ndipo tundu lizibe? Na mdogo wake wa miaka miwili, naye nimpe? (Mama wa watoto wawili, Makambako)

JIBU: Kamwene, mama. Tundu halitaziba, mwaka huu wala mwakani. Na hayo maumivu yaliyokata siku ya nne ndiyo yaliyofanya swali lako niliweke mbele ya mengine.

Hapa Mbeya haipiti wiki bila mtu kukaa kwenye kiti changu na kunisimulia habari hiyohiyo: jino liliuma mno, nikaweka dawa fulani, likapoa. Dawa zenyewe hubadilika. Kuna ugoro, kuna karafuu, kuna maji ya betri (ndiyo, maji ya betri, na midomo iliyoungua nimeiona), kuna moshi wa ndulele, na sasa imeingia zailitoli. Kupoa ni kulekule, na mara nyingi dawa haihusiki.

Ndani ya jino kuna kiini chenye neva na mishipa ya damu. Uozo ukikifikia kinavimba, na kwa kuwa kimezungukwa na kuta ngumu hakina pa kutanukia. Ndiyo maana mtoto anakesha. Zikipita siku kadhaa kiini kinaweza kufa, na neva iliyokufa haiumi. Aliyepaka unga siku hiyo atausifu unga. Aliyepaka mafuta ya taa atayasifu mafuta ya taa. Ambaye hakupaka kitu naye angelala usingizi vilevile. Bakteria wakati huo wanashuka taratibu kwenye mizizi hadi kwenye mfupa wa taya, na baada ya wiki au miezi unaona kipele cha usaha kwenye fizi. Muuza unga siku hiyo yuko stendi nyingine na kipaza sauti chake.

Mdudu wa jino hayupo, mama. Wanaotoboa jino ni bakteria wasioonekana kwa macho. Wanakula sukari na kutoa asidi, na asidi ndiyo inayomong'onyoa jino. Chochote unachoonyeshwa kikielea kwenye beseni baada ya jino kufukizwa moshi hakikutoka kwenye jino la mtu.

Zailitoli yenyewe sina ugomvi nayo. Hutengenezwa kwa miti fulani ya nchi za baridi au kwa magunzi ya mahindi, yaleyale tunayowashia moto. Ni tamu karibu sawa na sukari, ila bakteria wakuu wa uozo hawawezi kuigeuza kuwa asidi. Wafini, watu wa Finland, waliifanyia utafiti uliopata jina kubwa katika mji wao wa Turku miaka ya 1970, na hapo ndipo sifa zake zilipoanzia. Tangu hapo sifa zimekimbia kuliko ushahidi. Mwaka 2015 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walizipitia tafiti zilizokuwepo, wakaona kwamba dawa ya meno yenye floraidi (madini yanayokaza jino) pamoja na zailitoli huenda ikapunguza uozo kwa watoto kwa takriban asilimia 13 zaidi ya ile ya floraidi pekee, nao wakasema ushahidi huo ni hafifu. Kwa peremende, sharubati na bazoka hawakupata ushahidi wa kutosha kusema lolote kwa uhakika.

Tena wanaoitumia kwa utaratibu hutumia gramu 5 hadi 10 kwa siku, zikigawanywa mara tatu au zaidi, kwa kawaida kwa kutafuna bazoka baada ya kula. Sehemu ya faida inatokana na kutafuna kwenyewe, maana mate hutiririka na mate hupunguza makali ya asidi. Kijiko kilichoyeyushwa kwenye chai kinapita mdomoni na kwenda zake tumboni. Umepunguza sukari, na hilo ni jema. Jino hujalitibu.

Najua neno la kuziba lilikotoka. Uozo unapoanza huwa ni doa jeupe lililofifia juu ya jino, kabla halijatoboka. Doa hilo linaweza kukaza tena likipata floraidi na mate, na sukari ikipunguzwa. Likishatoboka, basi. Muuzaji amechukua maneno ya doa akayauza kwa wenye matundu. Na sijui umethibitishaje kwamba alichokuuzia ni zailitoli. Yenyewe ni bei ghali, pakiti yake huandikwa jina linaloanza na herufi X, na ina jina la kiwanda na tarehe ya mwisho wa matumizi. Unga uliofungwa kwenye kimfuko cha nailoni unaweza kuwa kitu chochote, hata sukari ya kawaida iliyosagwa.

Mdogo wake usimpe. Zailitoli nyingi huvuruga tumbo na kuharisha, na mtoto mdogo hahitaji nyingi ili afike huko. Bazoka ndiyo usimkaribishe kabisa, atapaliwa. Kama mna mbwa nyumbani, ufiche mbali: hata kidogo tu kinaweza kushusha sukari ya damu ya mbwa ghafla na kuharibu ini lake.

Ukitaka kumlinda mdogo, tazama chupa ya chai. Baridi ya huko kwenu naijua. Chupa haikauki tangu alfajiri, na mtoto anakunywa vikombe vidogovidogo kutwa nzima. Kila funda la chai yenye sukari linawapa bakteria kazi ya nusu saa hivi. Vijiko viwili vinavyonywewa mara moja wakati wa chakula vina nafuu kuliko kijiko kimoja kinachonyonywa kutwa. Katikati ya milo mpe maji au maziwa yasiyo na sukari. Mpigie mswaki wewe mwenyewe asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi isiyopungua 1000 ppm (yaani sehemu 1000 kwa kila milioni), kiasi cha punje ya mchele. Huyu wa miaka saba, kiasi cha punje ya njegere. Ateme, asisukutue kwa maji mengi. Baada ya mswaki wa usiku hakuna chai. Na hizo dawa za mswaki za miti shamba zinazojisifu kwamba hazina floraidi, waachie wenyewe.

Huyu mkubwa mpeleke kwa daktari wa kinywa na meno au tabibu wa meno wiki hii, hata kama anacheka na kutafuna miwa. Usiniambie ni meno ya utoto, yatang'oka tu. Gego la kwanza la ukubwani huota karibu na miaka sita, nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka, kwa hiyo wazazi wengi hawajui kama limekuja. Likitolewa hilo hakuna jingine linalofuata. Daktari ndiye atakayesema kama hayo mawili ni ya utoto au la, na kama ni ya kuziba, kutibu kiini au kung'oa. Ukikawia akavimba shavu au chini ya taya, akapata homa, au akashindwa kumeza au kufungua mdomo, usingoje miadi wala kupambazuke. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.