Mbwa Anasikiliza Shingo Yako

Jumanne nilisimama mlangoni na kikombe changu cha chai, nikimtazama mdogo wetu mmoja wa kazini akimfundisha mbwa sauti ya taima, maana kazi yetu ni kufundisha mbwa wa kuwajulisha viziwi sauti za nyumbani. Taima ikalia, mbwa akaja, akagusa goti kwa pua, akamwongoza hadi jikoni. Kijana akanigeukia, meno yote nje. Sikuwa na moyo wa kumwambia palepale kwamba kabla taima haijalia, yeye mwenyewe alikuwa ameshaichungulia. Basi nawaandikia nyote, maana mwaka jana alifanya hivyo mwingine, na miaka tisa iliyopita nilifanya mimi.

1. Siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu: ndiyo kanuni ya mbwa wa kituoni kuzoea makazi mapya. Mnaijua, mmeibandika hata kwenye friji. Sasa mbona siku ya nne nakuta faili limeandikwa "mtulivu sana"? Mbwa aliyetoka kwenye kelele za mabanda akajikunja kona moja bila hata kukohoa hajatulia, ameganda. Subiri aibe soksi, ndipo uanze kumjua.

2. Vitafunwa vikatwe vidogo, kama punje ya mahindi. Mbwa si mgeni wa harusi.

3. Taima. Hapa kaeni chini.

Wangu alikuwa jike wa rangi ya kahawia, sikio moja limekatika ncha, tuliyemtoa kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa. Nikamwita Karanga. Miezi mitano tulipiga kazi: hodi, taima, mtoto kulia, kengele ya moshi (hii anagusa kisha analala chini, hampeleki mtu kwenye moto). Mtihani alifaulu mara ya kwanza. Nikatuma picha nyumbani Tanga, bibi akajibu kwa sauti: "Yaani mbwa kavaa kizibao, na wewe ndiye unayempigia makofi?"

Nikamkabidhi kwa mama mmoja kiziwi mwenye mtoto wa miezi minne. Alikuwa na taa inayowaka yenyewe mtoto akilia. Nikamwambia aichomoe, mbwa apate nafasi ya kufanya kazi. Naandika sentensi hiyo na bado tumbo linanikata.

Wiki ya pili akaniandikia kwamba mbwa hamwamshi. Nikafanya mnavyofanya ninyi: nikamuuliza kama anamlipa kwa wakati, kama kitafunwa ni kilekile. Kwa adabu zote, lakini maana yake ilikuwa moja tu, kosa ni lako. Maskini, akajitahidi siku tatu zaidi. Asubuhi moja akamkuta mtoto macho yamevimba, sauti imekauka kwa kulia. Nikaenda.

Nikakaa kwenye kochi. Mama anakunja nguo, Karanga amelala miguuni pake. Mtoto akalia chumbani. Karanga akainua kichwa, akamtazama mama. Mama hakutikisika, atatikisikaje na hasikii? Karanga akarudisha kidevu sakafuni. Kisha akaniona mimi, shingo yangu imeshageukia chumbani bila hata kujua. Akanyanyuka, akanigusa goti kwa pua, vizuri kabisa, akaniongoza mpaka kwa mtoto.

Miezi mitano sikumfundisha sauti hata moja. Nilimfundisha kwamba mtu akigeuza shingo, kuna kitafunwa.

Mama alikuwa ametufuata hadi mlangoni. Akaandika kwenye simu, akanionyesha: "Kwa hiyo anawasaidia wanaosikia." Hakukasirika, ndilo lililonimaliza. Taa nikaichomeka mwenyewe, Karanga nikarudi naye kwenye gari.

Tulianza upya. Viziba masikio, na juu yake yale makofia ya masikio ya mafundi wa kutoboa barabara. Taima anaiweka mwenzangu chumba cha pili, mimi sijui italia saa ngapi, wala ni sauti gani. Nimempa mbwa mgongo, nasoma, nasinzia kwa kweli. Wiki ya kwanza Karanga alizunguka akinikodolea macho kama mwanafunzi aliyenyang'anywa karatasi ya kunakili. Ilichukua wiki kumi. Yule mama alikubali kumpokea tena, ila taa haikuchomolewa, na tangu hapo sijamwambia mteja yeyote achomoe kitu.

4. Mlangoni mwa duka. Chini ya ADA, sheria ya Marekani ya 1990 ya haki za watu wenye ulemavu, watauliza mawili tu: je, mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kufanya kazi gani. Hawana haki ya kudai cheti. Anayejibu ni mteja, wewe funga mdomo. Lakini mbwa akibweka ovyo na mteja hamdhibiti, meneja ana haki ya kumtoa, kizibao au si kizibao.

5. Wenzangu wa pwani mnaoniuliza pembeni kuhusu mate: nina nguo za kazi na nguo za sala, hazikutani hata kwenye kapu la kufulia.

6. Wengine hawatafaulu. Tuliwahi kuwa na mmoja, akimwona kindi anasahau hata jina lake. Leo yuko kwa familia yenye watoto watatu, amenenepa, hana aibu. Msililie faili.

Na wewe wa Jumanne, viziba masikio viko droo ya juu. Kesho taima nitaiweka mimi, na sikuambii saa ngapi.