Saa Nne Si 04:00: Kwa Wanaoanza Kupima Ukaaji kwa Vihisi

Wadogo zangu, juzi nilifungua faili la shajara za usingizi mlilolileta kutoka Bahi, na katika mstari wa nane nikamkuta mama mkulima ameandikiwa kulala 04:00 na kuamka 11:00. Nilifunga kompyuta nikaenda kunywa chai kwanza. Kwa kuwa mafunzo ya siku mbili hayakutosha, nayaandika haya.

1. Kihisi cha kiunoni, yaani kile kifaa kidogo kinachorekodi mtikisiko wa mwili, hakijui kukaa, kinajua kutulia. Mnapohesabu kila dakika ambayo kihisi kimeandika chini ya vipimo 100 vya mtikisiko kuwa ni ukaaji, mkumbukeni muuza vitunguu wa soko la Majengo anayesimama nyuma ya meza yake asubuhi nzima, ambaye kiuno chake kimetulia na programu inamwandikia kwamba amekaa. Fasili yetu inadai mambo mawili kwa pamoja, yaani matumizi ya nguvu yasiyozidi MET 1.5 (MET 1 ni nguvu anayotumia mtu aliyepumzika ametulia) na mkao wa kukaa, kujiegemeza au kujilaza hali mtu yuko macho, na kiuno hakina habari na mkao. Ndiyo maana tunabandika kingine pajani.

2. Kanuni ya muda wa kutovaa, yaani ya kuamua ni lini mshiriki alikuwa amekivua kihisi, iwe ya sifuri za dakika 60 au 90 mfululizo, ichagueni kabla ya kuona matokeo.

3. Shajara. Hapa naomba mnivumilie, maana aibu hii ni yangu mwenyewe. Kihisi cha pajani hakimtofautishi aliyelala usingizi na aliyejinyoosha mkekani akipiga soga, kwa hiyo ni shajara inayotuambia usingizi ulianza na kuisha lini. Katika utafiti wangu wa kwanza niliwalinganisha makarani wa mjini na akina mama wa mashamba ya zabibu. Makarani, ambao hutazama saa kwenye simu, waliandika 22:00. Akina mama walituambia, kama anavyosema kila mtu mwenye akili timamu, kwamba walilala saa 4 usiku na kuamka saa 11 alfajiri, nami nikaingiza 04:00 na 11:00 bila kusita, usiku baada ya usiku, kwa washiriki wote wa vijijini. Programu ikatii. Saa sita za usingizi, kuanzia 22:00 hadi 04:00, zikahesabiwa kuwa ukaaji. Saa sita za jembe, kuni na maji, kuanzia 05:00 hadi 11:00, zikafutwa kama usingizi. Nikapata matokeo ya ajabu kwamba mkulima wa zabibu hukaa kuliko karani, na badala ya kuyatilia shaka nikayatungia nadharia yenye aya tatu kuhusu joto na kivuli cha mbuyu!

Aliyeniokoa ni msaidizi wetu wa uwandani, dada mmoja mwenyeji wa Chamwino, aliyesimama nyuma yangu nikiwa naandaa picha za wasilisho. Kwenye skrini palikuwa na ukanda wa kijivu wa usingizi, na ndani yake mistari ya hatua imesimama kama miiba ya mkonge. Akauliza kwa upole, “Kaka, huyu mama anachota maji akiwa usingizini? Mbona siku hiyo saa 3 asubuhi tulimkuta anapogolea mizabibu?” Sikumjibu. Wasilisho lilikuwa kesho yake, na usiku ule nilirekebisha shajara moja moja hadi saa 10, ambayo kwa faida yenu ni 04:00 ya kweli.

Tangu hapo, fomu zetu zina visanduku vya alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, na ubadilishaji wa saa hufanywa ofisini na watu wawili, si na mhojaji aliyechoka juu ya bodaboda.

4. Oktoba bebeni plasta za ziada za kubandikia vihisi. Jasho la Dodoma halina adabu.

Faili la Bahi nimewarudishia. Lileteni limesahihishwa Jumatatu saa 2 asubuhi, yaani 08:00.